Bibi Harusi Hapati Joto

Jumatatu, 2 Machi

Nesi aliniambia niwe naandika Kidole amenyonya saa ngapi na titi lipi, kwa sababu alizaliwa kabla ya wakati na alikuwa mdogo kama hilo jina lake. Nimeandika mpaka nimejiona karani wa maziwa. Sasa ananyonya kama anayekimbizwa, hahitaji karani. Lakini mkono umeshazoea kalamu kila ninapokaa kumnyonyesha, basi leo naandika mengine.

Mvua zimeanza. Kwa sisi tunaofua shuka za watu, mvua ni kama mkwe: huwezi kumfukuza, na akikaa sana huna raha. Tunafulia nyumba mbili za wageni na zahanati moja. Mimi nafua, Mama Pasi ananyoosha (jina lake la kweli nadhani hata yeye keshalisahau), Baba Kidole anapeleka na kuchukua kwa gari. Gari lenyewe ni la zamani, jeupe, refu nyuma, na kwa kuwa limejaa shuka nyeupe siku zote Mama Pasi alilibatiza Bibi Harusi. Anasema ni mke mwenzangu, tena mwenye bahati, maana yeye hapiki.

Jioni Baba Kidole kaniambia petroli imekwisha.

"Imekwisha vipi? Si tulijaza Ijumaa?"

"Imekwisha, Mama Kidole."

Basi, hilo tu. Mume wangu hutoa neno kama mtu anayeng'olewa jino.

Alhamisi, 5 Machi

Petroli imekwisha tena. Shuka hazikauki. Kidole kacheka usingizini.

Jumanne, 10 Machi

Zamani tangi lilituvusha wiki nzima, na Jumatatu tukakuta bado kuna ya kusogeza gari mpaka kituoni. Siku hizi halifiki Alhamisi. Njia ni zile zile, shuka ni zile zile, na anayeendesha ni yule yule.

Leo kachelewa kurudi. Kaingia suruali imelowa mpaka magotini, viatu vimejaa matope mekundu. Nikamuuliza:

"Umetoka wapi na viatu vya namna hiyo?"

"Kupeleka shuka."

"Shuka zinapelekwa kwa gari au kwa miguu?"

Akaenda bombani, akaviosha viatu taratibu, kimoja halafu kingine, kama anaosha watoto. Nyumba ya wageni ya kilimani ina lami inayozunguka kilima mpaka kwenye ngazi za mlango. Ile ya mjini ina lami. Zahanati ina lami. Matope yale ni ya wapi?

Mama Pasi hakuinua macho kwenye pasi yake. Kasema tu, kana kwamba anaiambia foronya, "Mwanamume akirudi na matope, ujue kuna mahali anapokwenda lami haijafika."

"Mama Pasi, nyoosha."

"Nanyoosha, mwanangu. Nimesema nini? Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo."

Nilicheka. Halafu nilipoinama kwenye beseni kicheko kikanikauka.

Ijumaa, 13 Machi

Nilikwenda gereji kwa kaka yangu. Watu wanamwita Spana, hata mimi nikisema jina lake wanageuka kutafuta ni nani. Yeye ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kwa kuendesha ndiyo nikapata kazi ya gari la mkate kabla sijaolewa. Akisema jambo kuhusu gari, kwangu limekwisha.

Juu ya mlango wa gereji yake ametundika waya wenye vidude vya shaba, vingi, kama ushanga wa jitu. Upepo ukipita vinalia. Nilisimama chini yake nikisubiri amalize na mteja, Kidole mgongoni anavishangaa.

Nikamweleza. Akalala chini ya Bibi Harusi, akatazama mabomba, akanusa, akatoka anajifuta mikono.

"Halivuji hata tone. Gari hili ni zima kuliko mimi."

"Basi petroli inakwenda wapi, kaka?"

"Hebu njoo uone." Akaniingiza ndani, akaniwekea kidole kwenye kioo cha sindano ya joto. "Umeliendesha kutoka kwako mpaka hapa. Sindano iko wapi?"

"Chini."

"Imelala fofofo! Unakumbuka lilivyochemka siku ile mlipomtoa Kidole hospitali?"

Nitasahau? Kilimani, jua la utosini, mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria la wali, na mimi nimekaa kando ya barabara nimemfunga Kidole kifuani ngozi kwa ngozi. Nililia siku ile. Nilimwambia Spana, kaka, fanya ufanyavyo, gari hili lisichemke tena mwanangu akiwa ndani. Akafanya. Halijachemka tena hata siku moja.

"Gari lisilochemka ni gari zima," akasema. Halafu akashusha sauti, akanishika bega. "Mdogo wangu, petroli haina miguu. Wa kuulizwa ni yule anayeshika ufunguo."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kufulia ya asubuhi. Kaka yangu hasengenyi watu. Kama yeye kasema hivyo, basi ni mimi peke yangu niliyekuwa nimefumba macho.

Jumapili, 15 Machi

Naandika hovyo, mtanisamehe, sijui ni nani ninayemwambia "mtanisamehe".

Mchana Baba Kidole alirudi kuchukua shuka za kilimani zilizobaki. Viatu ni vile vile, matope ni yale yale. Sikupanga kusema. Nilikuwa nakunja shuka na Mama Pasi, yeye pembe zake mimi pembe zangu, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Petroli unampelekea nani?"

Akasimama. "Nini?"

"Umenisikia. Unaiuza, au kuna nyumba unayokwenda ambayo haina lami?"

Mama Pasi akaachia pembe zake. Shuka likaanguka sakafuni, safi, la kunyooshwa, na hakuna aliyeliokota.

"Sijachukua petroli," akasema.

"Imekwenda wapi?"

"Sijui."

"Wewe ndiye unayeendesha, hujui?"

"Sijui, Mama Kidole. Ningejua ningesema."

"Kaka amelitazama gari. Halivuji. Ni zima. Kaka hadanganyi."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Mpaka wakati ule alikuwa mtu anayelaumiwa; baada ya hapo akawa mtu aliyeshahukumiwa. Nilimwona. Niliona, na sikunyamaza.

Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza ya kupigia pasi, taratibu, asiuangushe.

"Endesha wewe," akasema. "Ukiiona inakokwenda, uniambie. Niko kwa dada."

Akambusu Kidole kichwani, akatoka na viatu vyake vya matope. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Mama Pasi akaokota shuka. "Hili lifuliwe tena," akasema, na akalirudisha beseni mwenyewe.

Jumatatu, 16 Machi

Nimejaza tangi mpaka juu mwenyewe, kwa macho yangu. Kidole nyuma na Mama Pasi. Nimeendesha polepole kama nabeba mayai. Sasa tutaona.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Kioo cha mbele kinajaa ukungu, nafuta kwa foronya.

Alhamisi, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Leo asubuhi, kwenye mzunguko wa barabara karibu na stendi, Bibi Harusi akakohoa, akatikisika, akazima. Nikamwasha, akakataa. Nikatazama geji ya mafuta. Sindano iko chini kabisa, chini ya mstari mwekundu.

Petroli imekwisha.

Imekwisha mikononi mwangu! Ufunguo ulikuwa kwangu, siku nzima shingoni kwenye kamba, ninapolala uko chini ya mto. Hakuna aliyeligusa gari. Nimekwenda zahanati, nyumba ya mjini, nyumba ya kilimani, nimerudi. Sikuiuza. Sina nyumba isiyo na lami.

Magari yanapiga honi nyuma yangu, mimi nimekaa mdomo wazi. Mama Pasi kaniegemea kutoka nyuma, kasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, sasa mwizi ni nani? Maana humu tumo wawili, na Kidole hana leseni."

Sikucheka. Nilikuwa nakiona kile kiti alichokuwa akikaa mume wangu, na mimi nimekikalia, na petroli imekwisha.

Ijumaa, 20 Machi

Jana niliandika sijui nianzie wapi. Leo ndiyo kabisa.

Nimepeleka shuka kilimani. Msimamizi wa nyumba ile, mama mnene mwenye huruma, leo alikuwa mlangoni mwenyewe. Akanitazama nikishusha mafurushi garini, akauliza:

"Yule bwana wa kubeba kichwani yuko wapi? Anaumwa?"

"Bwana gani wa kubeba kichwani?"

"Si huyo anayeleta shuka zenu? Anaacha gari pale chini, anapanda kwa njia ya miguu na furushi kichwani, anashuka, anapanda na lingine. Na mvua hii! Mimi nikamwambia, baba, lami ipo, panda na gari. Akasema gari linakunywa sana kilimani, anataka mama mtoto wake apumue kidogo."

Nilitazama ile njia ya miguu inayokata kilima. Udongo mwekundu. Matope mekundu.

"Dada, vipi?" akaniuliza. "Umeona nini?"

Ningemwambia nimeona nini? Nimeona viatu.

Jumamosi, 21 Machi

Nimekwenda kwa wifi. Kanifungulia mlango nusu, kanipokea Kidole, mimi kaniacha barazani. Haki yake. Baba Kidole alikuwa uani anachanganya saruji, wifi anaongeza chumba.

Nikazunguka nyuma, nikamwambia yote: tangi, mzunguko wa barabara, kilima. Nikamwambia nimekosa. Alisikiliza mpaka mwisho, koleo mkononi.

"Kwa nini hukuniambia kama unabeba kichwani?"

"Ungeniamini?"

Jibu tulilijua wote wawili.

"Mama Kidole, sina hasira sana," akasema, na kwake hayo ni maneno mengi. "Lakini hujui bado inakokwenda. Na mimi sijui. Nikirudi leo, mwezi ujao ikiisha utanitazama viatu tena. Hutapenda, lakini utatazama. Ijulikane kwanza."

Nilitaka kumbishia. Nilishindwa, kwa sababu nilijijua.

Jumatatu, 23 Machi

Nataka niandike leo kama ilivyokuwa, nisiruke.

Mvua kubwa tangu alfajiri. Nikazungushia Kidole blanketi, Mama Pasi akampakata. Kioo ukungu mtupu. Nikawasha hita ituondolee ukungu na itupashe kidogo. Ikapuliza baridi. Nikasema itapata joto tukiendelea. Tukavuka mji mzima mpaka zahanati. Bado inapuliza baridi, kama pumzi ya mtungi.

Nesi, yule yule wa siku za mwanzo, alipokea shuka, akamwona Kidole, akamtia kipimajoto kwapani kwa mazoea. Akakitazama mara mbili.

"Huyu amepoa. Umempitisha wapi?"

"Garini tu, nesi. Injini inawaka."

"Gari gani lisilo na joto?" Akamfungua, akanifungua na mimi, akamweka kifuani kwangu kama zamani. Na huku ananifunika, akarudia maneno aliyoniambia siku ile ya kwanza. Ameshayasema kwa akina mama wangapi, sijui:

"Wote mnaogopa homa tu. Mtoto akichemka mnakuja mbio. Akipoa mnasema ametulia. Kumbe aliyepoa anakula, anakula, wala haongezeki. Maziwa yote anayachoma kujipasha. Utanyonyesha mpaka ukauke, na hutaona yanakokwenda."

Anakula, anakula, na huoni yanakokwenda.

Nilisikia kama mtu amenipiga kofi la kisogoni. Nilisubiri Kidole apate joto lake, vidole vyake virudi kuwa vya waridi, nikampa Mama Pasi, nikatoka kwenye mvua bila hata kujifunika. Nikafungua boneti. Injini ilikuwa imetoka kuvuka mji mzima. Nikaweka kiganja kwenye ule mpira mnene unaopeleka maji ya injini kwenye rejeta yakapoe. Ule ambao Spana, nilipokuwa msichana, alinichapa mkono nisiuguse, utaniunguza.

Ulikuwa vuguvugu. Kama maji ya kumwogeshea Kidole.

Na sindano imelala. Siku zote hizi imelala, tukaiona, tukaifurahia. Ametulia.

Jumanne, 24 Machi

Gereji. Spana alikuwa anakula. Sikumsubiri amalize.

"Kaka, ulilifanyia nini gari siku ile?"

"Salamu kwanza, mdogo wangu."

"Shikamoo. Ulilifanyia nini?"

"Marahaba. Niliitoa ile takataka." Akaonyesha juu kwa kijiko.

Nikatazama juu. Ule ushanga. Vidude vya shaba kwenye waya, kila kimoja kama kizibo chenye springi tumboni, upepo unavigonganisha.

"Vile ni nini?"

"Themostati. Huku kwetu na joto hili havina kazi, vinaganda tu, gari linachemka. Kila gari linaloletwa limechemka, mimi nang'oa. Chako kile cha tatu kutoka mwisho, kiliganda, kimefunga kabisa. Hakuna gari nililong'oa likarudi limechemka. Hata moja!" Alijigamba, mkono kifuani.

"Na kazi yake ilikuwa nini kabla hakijaganda?"

"Kufunga maji. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yasiende kwenye rejeta, mpaka ipate joto lake. Ikipata kinafungua."

"Kumbe ni mlango."

"Ni mlango, ndiyo."

"Na wewe umeng'oa mlango. Hukuweka mwingine."

"Ili lisichemke! Wewe mwenyewe ulilia hapa, ukasema fanya ufanyavyo. Umesahau?"

Sikusahau. Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Lakini sikurudi nyuma. Nikamwambia kuhusu mpira vuguvugu, na hita, na Kidole alivyopoa, na gari lilivyokuwa likiachwa chini ya kilima. Nikamuuliza, "Injini ikiwa baridi, asubuhi, inapewa petroli kidogo au nyingi?"

"Nyingi. Mpaka ipate jo..."

Akakatika. Kijiko kikabaki hewani.

"Basi huyu," nikasema, "kwake ni asubuhi mchana kutwa."

Akaweka sahani chini, akaenda kwenye Bibi Harusi, akafungua kifuniko cha oili. Chini ya kifuniko kulikuwa na kitu cheupe cheupe, kizito, kama uji uliolala. Akakifuta kwa kidole, akakitazama. Akachomoa kijiti cha kupimia oili.

"Umeongeza oili?"

"Sijaongeza hata tone."

"Imepanda. Imepita alama." Akakinusa. Kisha akanipa na mimi nikanuse.

Petroli. Oili inanuka petroli.

"Isiyoungua inachuruzika chini humu," akasema. "Inaipunguza oili nguvu. Mngeendelea hivi, injini ingejisaga yenyewe. Na safari fupi fupi ndiyo mbaya zaidi. Shemeji anasimama chini ya kilima, anazima, anawasha, haipati hata kule kujipasha kwa kilimani..."

Nikakaa kwenye tairi. Nilikuwa natafuta petroli mifukoni mwa mume wangu, nyumbani kwa wanawake nisiowajua, kumbe nyingine inatoka na moshi na nyingine imelala tumboni mwa gari. Na yeye kila alivyojinyima, kila alivyobeba kichwani kwenye matope ili tuokoe kidogo, ndivyo Bibi Harusi alivyozidi kupoa na kunywa.

Spana aliinua uso, akatazama ule ushanga wake juu ya mlango. Akavihesabu vidude kimoja kimoja kwa macho.

"Wote wale," akasema mwishoni.

"Wote wale," nikamjibu. "Sijui ni nyumba ngapi zinagombana leo."

Jumatano, 25 Machi

Spana kaja na themostati mpya. Kaja jikoni, si uani. "Nipe sufuria," akasema. Akaifunga kwa uzi, akaining'iniza ndani ya maji, akawasha moto.

Tukasimama watu wazima watatu tunatazama sufuria. Maji yakapata joto, kidude kikabaki kimefunga. Yakaanza kutoa mapovu madogo pembeni, kimefunga. Mama Pasi akasema, "Kama ni maharage haya, mmesahau chumvi." Halafu, maji yalipokaribia kuchemka, kile kidude kikaanza kufumbuka taratibu, peke yake, hakuna aliyekigusa, kama jicho la mtoto anayeamka.

Nikapiga kelele. Kweli, nilipiga kelele jikoni kwangu.

"Miaka yote hii," Spana akasema, "sijawahi kukipika hata kimoja. Naona gari limechemka, nang'oa."

Alikifunga garini, akabadilisha oili yote. Kisha akawasha injini, tukakaa ndani tunasubiri. Sindano ikaanza kutambaa. Mimi sindano ikipanda nakumbuka mvuke. Ikafika katikati. Nikamshika kaka mkono. Ikasimama pale pale, katikati, haikwenda mbele wala kurudi nyuma. Hita ikapuliza hewa ya joto usoni mwangu, nikalia kama mjinga.

Alhamisi, 26 Machi

Tulikwenda kwa wifi, mimi na Spana. Nilimpelekea Baba Kidole kile kibovu, cha tatu kutoka mwisho, kwenye kiganja.

"Nimejua inakokwenda," nikamwambia.

Nikamweleza. Akakigeuza geuza kile kidude na vidole vyenye saruji.

"Kwa hiyo mwizi ni baridi."

"Ni baridi."

"Na mimi," Spana akasema. "Shemeji, mimi ndiye niliyemtuma akuulize. Niadhibu unavyotaka."

"Na mimi," nikasema, "niliyetaka lisichemke kwa vyovyote, na niliyekutazama viatu."

Baba Kidole alitutazama mmoja mmoja. Wifi alikuwa dirishani, hajifichi.

"Nitakuja nikimaliza ukuta huu," akasema.

Ijumaa, 27 Machi

Ukuta.

Jumapili, 29 Machi

Ukuta bado. Kidole kaongezeka uzito.

Jumanne, 31 Machi

Tangu Jumatano sijajaza, wiki inakaribia kuzunguka, na tangi bado lina petroli! Nimemwambia Mama Pasi, kaja mwenyewe kutazama geji, hakuniamini. Kasema, "Tulimsengenya mtoto wa watu bure." Nikamwambia, "Ulimsengenya." Kasema, "Wewe ulikuwa unakunja shuka tu?"

Spana ameshusha ule ushanga. Anawatafuta wenyewe. Leo kanisimulia, uso umemshuka, mteja wake mmoja alishamfukuza dereva wa miaka mingi kwa wizi wa petroli. Sasa wanamtafuta huyo dereva, na hakuna anayejua alikohamia.

Nilikaa na hilo siku nzima. Wangu nilijua alipo. Alikuwa kwenye ukuta tu.

Alhamisi, 2 Aprili

Baba Kidole amerudi. Kaingia, kamchukua Kidole, kaketi. Kauliza kuna chakula. Kipo.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo ni shuka za kilimani. Kaendesha yeye. Kidole kifuani kwangu, hita inapuliza joto, kioo cheupe safi. Hatukuongea sana. Tangu arudi anaongea na Kidole, mimi ananiambia habari za shuka.

Tulipofika chini ya kilima mguu wake ukatafuta breki wenyewe. Gari likasimama pale pale alipozoea kulisimamisha. Akashtuka, akataka kuendelea.

"Ngoja," nikasema. Nikampa Kidole. Nikafungua nyuma, nikatoa furushi moja, nikaliweka kichwani.

"Unafanya nini?"

"Wewe zunguka na lami. Tutakutana juu."

"Mama Kidole, kuna matope."

"Najua kuna matope."

Nikapanda. Sikujua. Nilidhani najua, lakini sikujua. Furushi la shuka linakaza shingo mpaka meno yanauma, na udongo ule unashika kiatu kama mdai. Nikateleza, nikapiga goti, nikashika majani, furushi sikuliangusha. Katikati ya njia nililia, nikapumzika, nikaendelea. Yeye alikuwa anapanda mara mbili, tatu, kwa siku moja, halafu anarudi nyumbani anaulizwa.

Juu nilimkuta kasimama kando ya Bibi Harusi, injini inanguruma taratibu, Kidole amelala begani kwake. Nilichungulia ndani kabla ya kitu chochote. Sindano ilikuwa katikati. Wamepanda kilima kizima, na iko katikati.

Nikashusha furushi kwenye ngazi. Nilikuwa nahema. Baba Kidole akanitazama kuanzia kichwani, akashuka polepole, akafika miguuni, akakaa hapo. Akakunja uso, uso ule ule niliokuwa namkunjia mimi.

"Umetoka wapi," akaniuliza, "na viatu vya namna hiyo?"

Halafu nikaona pembe ya mdomo wake inatetemeka, inashindwa kujizuia, na akacheka, akacheka mpaka Kidole akaamka.